Muulize Bi Nesi: Kidonda Hakitaki Upepo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za majeraha. Sishangai. Maulidi yamepita, mashindano ya punda yamekwisha, na enzi zangu za kazi kila baada ya siku zile tulijua foleni ya asubuhi itakuwa ya magoti na viwiko. Nimechagua barua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu kwa sababu maswali yake nayasikia kila baraza ninayopita. Wengine mniwie radhi.

*Assalaam alaykum Bi Nesi. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alirushwa na punda kichochoroni hapa Langoni, goti likachubuka ukutani mpaka nyama ikaonekana. Jirani alimwagia unga wa kahawa, damu ikakata. Mavyaa wangu asema kidonda kisifungwe, kiachwe kipigwe na upepo kikauke. Nesi wa dispensari asema kifungwe na kibadilishwe kila siku. Leo ni siku ya nne, kina utando wa manjano na naogopa ni usaha. Nimsikize nani?*
*Mama Watoto, Lamu*

Wa alaykumu ssalaam dadangu. Mavyaa mpe heshima zake zote, goti mpe nesi.

Tuanze na kahawa, maana imeshaingia. Si kahawa iliyokata damu. Damu ya mchubuko hukata yenyewe, na ingekata upesi zaidi kama mtu angetwaa kitambaa safi akabana kwa kiganja dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Hapo pa kuchungulia ndipo watu wanaposhindwa. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda, kisha unaanza upya. Kahawa yenyewe imebaki mle ndani pamoja na chokaa ya ukuta, mchanga na, tusifichane, mavi ya punda, kwa sababu sijui kichochoro cha Langoni kisichokuwa nayo. Kidonda kilichofungia uchafu ndani hakiponi vizuri.

Basi kioshe. Maji ya mfereji yanayotiririka yatosha, tena mengi, kuliko kikombe kimoja cha maji ya dawa. Mkiwa mwatumia kisima cha nyumbani yachemsheni kwanza yapoe, maana visima vya mji wetu ni vifupi na mashimo ya vyoo hayako mbali. Na yale maji ya birika, lile tangi la maji la nyumbani, tuliyotilia visamaki wale viluwiluwi vya mbu, hayo waachie visamaki wenyewe. Kahawa ikiwa imegandamana, weka juu yake kitambaa kilichololoa maji ya vuguvugu kwa robo saa, ndipo uipanguse taratibu. Spiriti, na ile dawa inayotoka povu, viache kabatini. Vinaua vijidudu, sikatai, lakini vinaua pia nyama changa inayojijenga, na mtoto anapiga ukelele wa bure.

Sasa upepo. Neno hili nimelisikia tangu utoto wangu Mkomani na bado nalisikia, tena kutoka kwa watu waliosoma. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa London, George Winter, alichapisha jaribio alilofanya kwenye ngozi ya nguruwe (mtanisamehe, ngozi yao inakaribiana na yetu). Vidonda vingine aliviacha wazi vikauke, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba visikauke. Vilivyofunikwa vilijifunika ngozi mpya upesi takriban mara mbili ya vile vya wazi. Sababu yake si ngumu. Ngozi mpya hutambaa kutoka kandoni kuelekea katikati, na haiwezi kutambaa juu ya kitu kikavu. Ikikuta kigaga kigumu yalazimika kuchimba chini yake itafute penye unyevu. Ni kama dau maji yakiwa yametoka: litafika, lakini kwa kuburutwa mchangani. Kwa hiyo mavyaa wako hasemi uongo anaposema vidonda vyao vilikauka vikapona. Vilipona. Vilichelewa, na viliacha makovu makubwa kuliko ilivyohitajika.

Unyevu siusemi kwa maana ya kuloweka. Osha mikono, osha kidonda, paka juu yake mafuta ya Vaseline kwa uchache, weka gozi, kile kitambaa chembamba cha kufunikia vidonda, zungusha bandeji isiyobana. Huna gozi? Leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa, ikachemshwa, ikapigwa pasi, yafaa kabisa. Badilisha kila siku, au mara tu inapolowa. Ikiwa imeshikana na kidonda, iloweshe mpaka iachie. Ukiivuta kavu unang'oa kazi ya usiku kucha. Na goti ni kiungo, mtoto alikunje na kulikunjua kidogo kidogo, lisije likapona likiwa gumu.

Utando wa manjano wa siku ya nne, ukiwa mwembamba, umeshika palepale na hauna harufu mbaya, si usaha. Ni ute wa damu yenyewe, na wala usiukwangue. Usaha ni mzito, unatiririka, unanuka, na hauji peke yake: maumivu yanazidi pale yalipotakiwa kupungua, kunavimba, mtoto anapata homa, mitoki inatokeza kwenye kinena. Vitabu hutuambia tutazame wekundu unaosambaa. Kwa ngozi zetu hizi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mimi hutumia mgongo wa mkono. Gusa goti zima, kisha gusa lililoumia, kisha panda nao juu ya paja. Joto likisambaa leo kuliko jana, hospitali. Na ukiona maji mepesi yanayoteleza yanatoka gotini, usingoje kesho, hapo kiungo chenyewe kimefunguka.

Linalonishughulisha zaidi hukuliuliza. Sindano ya pepopunda amepata? Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, punda akiwa mmojawapo, na hustawi kwenye jeraha chafu mahali pasipofika hewa. Najua mtu atarukia hapo: basi si ndiyo maana tunaacha kidonda kipate upepo? Hapana bwana. Upepo wa juu haufiki ndani ya tundu la msumari wala ya nyama iliyopondeka. Kinga ni kuosha, na sindano. Mwanao kwa kawaida alidungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kinga hiyo haidumu maisha. Kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, hudungwa tena. Kwa jeraha dogo lililo safi husubiriwa miaka 10. Siku ya nne hujachelewa, ila usiivushe. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 21, nao huanza kwa taya kukaza na shingo kuwa ngumu, na mtu akifika hapo anahitaji wodi ya wagonjwa mahututi. Mpeleke kesho na kijitabu chake cha kliniki.

Nanyi akina baba mnaosomewa ukurasa huu barazani: sisi wanawake tulidungwa sindano hiyo tulipokuwa waja wazito. Ninyi je? Muulize mwanamume wa Lamu aliyefika miaka hamsini alidungwa lini, atakwambia shuleni, akiwa akumbuka. Na ndiye anayeshinda na punda, misumari na mapanga.

Moja la mwisho, mama. Usifungue kapsuli za viuavijasumu ukamwagia unga wake kwenye kidonda. Nimezikwangua tembe za aina hiyo kwenye vidonda vya watu mpaka nikachoka. Unga unaganda juu, chini kunaoza, na siku ukiihitaji dawa hiyo kweli huenda vijidudu vimeshaizoea.

*Shikamoo Bi Nesi. Mume wangu ni dereva wa boda hapa Malindi. Aligongwa na matatu, paja likachanika, akashonwa. Mfupa ulisalimika. Tangu atoke hospitali ndugu zake wamemkataza samaki, mayai, maharagwe na hata maembe, wasema kidonda kitanyevuka. Anakunywa uji mweupe na chai ya mkandaa. Amekonda, na mshono umeachia upande mmoja. Yeye mwenyewe ataka kurudi barabarani wiki ya tatu ikitimia, maana pikipiki ni ya mkopo.*
*Mke wa Boda, Maweni*

Marahaba mwanangu. Hao ndugu wanampenda, na wanamuua njaa.

Ngozi mpya haitokani na dawa. Inatokana na alichokula mtu. Nyuzi zinazoziba jeraha ni protini, na mtu asipoila, mwili unaenda kuikopa kwenye misuli yake mwenyewe. Ndiyo huko kukonda unakokuona. Uji mweupe na chai vinampa nguvu za kukaa kitako, basi. Mshono ulioachia una sababu nyingi na sitasema kwa mbali ni ipi, lakini mtu mwenye jeraha kubwa asiyekula kitoweo anajitafutia.

Katazo hili nimelikuta Lamu, nimelikuta Malindi nilipofanya kazi wodi ya wanaume, na kila nyumba ina orodha yake. Huyu kakatazwa pweza, yule ngisi, yule nyama ya mbuzi. Wapo watu wachache wenye mzio wa samaki au kamba, wakila wanawashwa mwili mzima. Hao wasile, kidonda kiwepo kisiwepo. Lakini mwanamume wa Malindi aliyekula samaki tangu kuota meno, leo ashonwe paja samaki awe sumu? Mpe. Mayai asubuhi, mbaazi za nazi na mahamri akitaka, samaki mchana, maharagwe jioni. Dagaa wana protini ileile ya nguru, kwa hiyo usinunue nguru kwa deni. Na matunda: mapera, machungwa, ndimu, hayo maembe yenyewe.

Matunda nitayasemea kidogo, kwa sababu mji wenu una habari zake. Mnapita kwenye nguzo ya Vasco da Gama kila siku na wageni wanapiga picha. Januari 1499 alirudi hapo Malindi akitoka Bara Hindi, baada ya karibu miezi mitatu majini bila tunda. Watu wake walivimba ufizi ukafunika meno wasiweze kula, miguu ikafura, wakafa takriban 30 katika kuvuka huko. Mmoja wa waliosalimika aliandika kwamba kila chombo kilibakiwa na watu saba au wanane tu wa kufanya kazi. Walipofika Malindi wakatuma mtu pwani atafute machungwa, maana wagonjwa waliyatamani mno. Yakaletwa siku ya pili. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafia hapohapo Malindi.

Ugonjwa ule ni kiseyeye, na chanzo chake ni kukosa vitamini C. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, yaani zile nyuzi zinazoshika ngozi. Ajabu yake ilionekana baadaye, kwenye msafara wa meli za Uingereza za George Anson miaka ya 1740. Kulikuwa na mzee aliyejeruhiwa vitani miaka 50 nyuma, akapona, akasahau. Kiseyeye kilipomshika makovu yake ya ujanani yakafunguka tena, yakawa vidonda. Maana yake kovu halijakwisha kazi hata likiwa la miaka 50. Mwili unalibomoa na kulijenga kila siku, na ukikosa vya kujengea, linaachia. Sisemi mumeo ana kiseyeye. Nasema anapokatazwa embe, wenye kumkataza wajue wanakataza nini.

Upande ulioachia arudi nao hospitali, wiki hii. Wasiufunge kwa plasta ukafichika, wala wasimshone tena nyumbani mwa mtu. Huenda ukaachwa wazi, ukasafishwa kila siku ukajaa kutoka chini, na hiyo ni njia halali kabisa hata kama inaudhi kuitazama. Nyuzi za paja kwa kawaida hutolewa baina ya siku ya 10 na ya 14. Za usoni hutoka mapema, siku ya 3 hadi ya 5, kwa hiyo asijilinganishe na rafiki yake aliyeshonwa nyusi.

Na hiyo wiki ya tatu. Ikifika, ngozi iliyoshonwa ina takriban robo tu ya nguvu yake ya asili. Baada ya miezi mitatu hufika kama asilimia 80, na haizidi hapo. Paja ndilo linalobana tangi, ndilo linalosukuma pikipiki ikikwama kwenye mchanga wa huko Maweni, ndilo linalokaa juani kutwa. Deni la pikipiki nalielewa, mwanangu. Mtafute kijana amwendeshee, wagawane. Ufunguo ufiche wewe. Sigara apunguze kama hawezi kuacha, maana zinaziba njia ndogondogo za damu zinazolisha kidonda. Muguka, yale majani ya kutafuna, utamwondolea hamu ya kula, nasi ndiyo kwanza tunamtafutia hamu hiyo.

*Bi Nesi, mimi mvuvi wa Kizingitini. Nilikanyaga samaki taa nikivuta nyavu maji ya magotini. Uchungu wake sijapata kuuona tena duniani. Wenzangu walinifunga kamba chini ya goti, wakanimwagia petroli ya mashine. Uchungu ulikwisha siku ya pili. Lakini wiki nyingi zimepita, kitundu kisiginoni kinafunga, kinafunguka, kinatoa maji. Wazee wasema nikioshe kwa maji ya bahari kila alfajiri.*
*Mvuvi, Pate*

Kitundu kinachofunga na kufunguka kina kitu ndani. Mwiba wa taa una meno yanayoelekea nyuma, ukiingia unateleza, ukitoka unaacha vipande na ngozi yake. Unahitaji picha ya eksrei, na mtu wa kukikata na kukitoa baada ya kukutia ganzi. Panda boti uje Lamu, Hospitali ya King Fahd. Usichokoe kwa sindano ya kushonea nyavu, nawajua.

Wenzako nao wasikie kwa siku nyingine. Sumu ya taa ni protini, na joto huivunja. Mguu utiwe kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia, kiasi cha nyuzijoto 45, ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, huku maji yakiongezwa moto yakipoa. Aliyeumwa asiyapime kwa mguu uliochomwa kwa sababu hausikii sawasawa, ayapime mwenzake kwa kiwiko, tusije tukatibu mwiba kwa kuunguza. Chombo kinachotoka na chupa ya chai kina dawa tayari. Changanyeni na maji baridi, muanze kabla ya kufika pwani. Hivyo hivyo kwa samaki wengine wenye miiba ya sumu. Kamba chini ya goti haizuii chochote hapo ila inakata damu ya mguu, na petroli inaunguza ngozi. Mwiba ukiingia kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe. Mtu aletwe nao vilevile.

Maji ya bahari, la. Najua sote tulikulia ndani yake na michubuko yetu. Lakini maji ya bahari yenye joto yana bakteria waitwao vibrio, na kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari wanaweza kumla mguu kwa siku chache. Maji ya chumvi tunayooshea hospitali si ya baharini. Ni maji safi yaliyotiwa gramu 9 za chumvi kwa lita. Mpaka kitundu kizibe, simama juu ya chombo, wengine waingie majini.

*Mamangu, ekzosi ya pikipiki imeniunguza shavu la mguu. Nilipaka dawa ya meno. Limetoka lengelenge kubwa, nilitumbue?*
*Abiria, Watamu*

Usilitumbue. Ile ngozi ya juu ni bandeji uliyopewa bure. Likipasuka lenyewe, osha, funika. Dawa ya meno ioshe itoke. Safari nyingine, maji ya mfereji yanayotiririka juu ya palipoungua dakika 20 kamili, si barafu, na hata ukiwa umechelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Moto ukishika eneo kubwa kuliko kiganja chako, au uso, au mikono, au sehemu za siri, au ukipaona pakavu, peupe na hapaumi, usitibiwe na mtu wa njiani.

Utaniuliza asali, maana huko Watamu inauzwa kwa chupa barabarani. Kwa kuungua kusikokuwa kwa ndani sana utafiti unaonyesha asali inasaidia kuponesha upesi. Lakini hiyo ni asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, vijidudu vyake vimeuawa kwa mionzi. Ya chupa ya barabarani sijui imetiwa maji ya sukari kiasi gani, na wewe pia hujui. Inywe na chai.

*Bi Nesi, assalaam alaykum. Babangu ni fundi wa majahazi Matondoni, ana miaka sabini na zaidi. Tezo lilimpiga mguu, karibu na kidole gumba, tangu kabla ya Ramadhani. Jeraha lilikuwa dogo. Halijapona, limekuwa duara na kando zake ni ngumu. Yeye asema halimuumi hata kidogo, tumwache na kazi yake. Usiku anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Tumempaka kila dawa.*
*Binti Fundi, Matondoni*

Wa alaykumu ssalaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ningependa uipe uzito kuliko hizo nyingine zote.

Kidonda cha mguu kisichouma ndicho kinachonitisha. Kidonda chenye miezi, cha mtu anayefanya kazi amesimama juu yake kutwa, kingemtoa machozi. Kama hasikii, mishipa ya fahamu ya mguu imekufa ganzi, na ukiniongezea na huko kuamka usiku, mtu wa kwanza ninayemshuku ni kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu hisia za miguu na njia za damu, na damu isipofika, hakuna dawa ya kupaka itakayofunga kidonda hicho. Mtu hupigilia mguu uleule kila siku bila kujua. Kando ngumu ulizozitaja ni sugu, ngozi iliyojijenga kwa kukanyagiwa, na chini yake huenda pana tundu refu kuliko linavyoonekana.

Simwambii babako kwamba atakatwa mguu. Watu wengi hawaji hospitali kwa kuogopa neno hilo, wakachelewa, likawa kweli. Anatakiwa apimwe sukari, apapaswe mapigo ya damu juu ya unyayo, akwanguliwe hiyo sugu na mtu anayejua, na pengine eksrei kuona kama mfupa wa kidole umeguswa. Zaidi ya yote, mguu upumzishwe usikanyagwe. Hilo ndilo gumu kwa fundi. Mketishe kivulini awaelekeze vijana, kazi ya ulimi anaiweza, na sijamwona fundi wa Matondoni anayenyamaza.

Mpaka mfike, msimloweke mguu kwenye maji ya moto. Ushauri niliompa mvuvi si wake, yeye ataungua bila kusikia. Msimpake dawa ya chunjua, msikate sugu kwa wembe. Osheni kwa maji safi, kausheni baina ya vidole, funikeni kwa gozi kavu. Akipata homa, au mguu ukavimba, ukanuka, au kidole kikageuka cheusi, ni safari ya usiku huohuo, mkodi boti.

La sivyo chukueni boti ya asubuhi, mje bila yeye kunywa chai ili sukari ipimwe kabla hajala, na kifungua kinywa chake mkibebe kwenye kikapu. Leteni dawa zote alizopaka na alizomeza, hata za mitishamba. Hatagombezwa mtu. Leteni pia viatu vyake vyote, makubadhi na malapa, nesi atie mkono ndani akague. Hutaamini misumari niliyokuwa nikiikuta humo.